Nilivyofika Kasingirima Nimefunikwa Kitenge cha Majogoo

Wenzangu wa kahawa, nimechoka kuulizwa. Kila nikikaa kwenye benchi, kabla kikombe hakijapoa, mmoja wenu anakohoa kidogo na kusema, "Fundi Mrisho, hebu tupe ile habari ya bibi harusi mwenye masharubu." Mkicheka nami nacheka, lakini kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, na juzi nimesikia kwamba nilikuwa nimepakwa hina. Sikupakwa hina. Ilikuwa soksi. Kwa hiyo naandika mambo yalivyokuwa, kituo kwa kituo, tangu kambini hadi mlangoni kwangu hapa Kasingirima, Ujiji, ili mtu akiuliza tena apewe karatasi asome mwenyewe.

Kambini, na meza niliyoitengeneza mwenyewe

Mnajua kwamba miaka ile ya wakimbizi nilikuwa kule upande wa Kasulu, nikitengeneza madawati ya shule ya kambini. Msichokijua vizuri ni namna nilivyoungua, maana nimekuwa nikikwepa kusema. Nilikuwa nimekaa mgahawani, na juu ya meza kulikuwa na karai la mawese yaliyotoka kukaangiwa maandazi. Mguu wa meza ukaachia, karai likaja upande wangu. Shavu la kushoto, shingo, na mkono wa kushoto mpaka kwenye vidole. Sasa mjue na hili: meza ile nilikuwa nimeitengeneza mimi, na wiki ile ile nilikuwa nimewasifia watu uimara wake.

Nililala wodini wiki nyingi. Ngozi mpya ikaota, laini na nyekundu kama ya panya mchanga. Ndipo ikafika habari kwamba harusi ya binti yangu Zaituni imepangwa, na ndoa itafungwa msikitini kwetu baada ya sala ya Alasiri. Wazee wa bwana harusi wangetoka Kalya kwa boti, na boti ingerudi kesho yake alfajiri. Siku ilikuwa ile ile moja tu.

Mimi ndiye walii wake. Kwa kuwa nilikuwa mgonjwa, niliandika barua nikampa mdogo wangu uwakala amwozeshe badala yangu. Jibu lilikuja kwa redio ya kambini, na yule opereta alinisomea huku anatabasamu: "Zaituni anasema haolewi kwa barua. Baba aje, na akichelewa yeye atakaa."

Namfahamu mwanangu. Akisema atakaa, anakaa. Nisingefika kabla ya Alasiri, wazee wale wangerudi ziwani mikono mitupu, na sababu ingekuwa shavu langu.

Aliyekuwa na kauli ya mwisho ni nesi Spesioza, mkimbizi kutoka Burundi, mwanamke mfupi ambaye wodi nzima ilimwogopa. Alinigeuza geuza kama anayenunua papai, kisha akasema, "Mutama, mzee wangu, nakuruhusu. Lakini iyi ngozi ni ya mutoto muchanga. Izuba, hili jua, lisiiguse. Likiigusa itatoka malengelenge, utarudi hapa kitandani, na ikipona itabaki na baka jeusi."

"Nitakuwa ndani ya gari, nesi. Nitafunga kioo."

"Kioo kinazuia upepo na vumbi. Zuba linapita." Akaushika mkono wangu mzima, wa kulia, akauweka kwenye dirisha la wodi lililofungwa, jua la asubuhi likiingia. Haikuchukua muda nikauondoa mwenyewe.

Akanivalisha shati la mikono mirefu. Akachukua soksi ndefu nyeupe ya mpira wa miguu, akanivika kwenye mkono wa kushoto mpaka juu ya kiwiko. Mwisho akavua kitenge alichojifunga juu ya sare yake, chenye majogoo mekundu, akanipa. "Kining'inize dirishani. Zuba likihama, nawe ukihamishe. Ukilala usingizi nitajua." Sikumuuliza atajuaje, maana nilipotoka nilimsikia opereta wa redio akilituma onyo lake la jua hadi Ujiji.

Mbwana na hesabu zake za jua

Gari lilikuwa Landrova iliyokuwa inapeleka jenereta bovu mjini. Nyuma palijaa jenereta lenyewe na mabomba, kwa hiyo kilichobaki ni kiti cha mbele, kushoto, upande ule ule wa kidonda changu. Juu ya paa tulifunga kitanda cha mninga nilichomtengenezea Zaituni kabla sijaungua. Hicho miguu yake nilikuwa nimeijaribu mara mbili.

Dereva aliitwa Mbwana, kijana wa Tanga, mwezi wa tatu tu tangu aletwe Kigoma. Mpole, mchangamfu, na kwenye kila jambo ana nadharia. Alipoona nafunga kitenge kwa kamba pale dirishani alinihurumia.

"Mzee wangu, unajisumbua. Tunakwenda magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni. Mchana liko utosini, juu ya bati. Jioni tumeshafika. Sasa hilo jua litakupata wapi?"

Jibu lilikuja kwenye kona ya kwanza. Barabara ya kwetu haijui magharibi. Inakwenda huku, inajikumbuka, inarudi kule. Mara jua likaingia kwa nyuma, mara likachungulia pembeni ya kitenge, nami kazi yangu ikawa moja, kuvuta majogoo mbele na nyuma. Nilijifunika na ncha yake kichwani, yakabaki macho. Mbwana aliendelea kusema ni mara hii tu, baada ya kona hii litakaa mgongoni.

Kizuizini

Kabla ya Kasulu palikuwa na kizuizi. Mgambo mmoja, Muha wa makamo, akatoka kibandani na kusogelea dirisha la Mbwana. Pembeni wanawake walikuwa wanauza ndizi na karanga.

"Mwakeye," akasalimu. "Mmebeba nini humo?"

Mbwana akajibu kwa sauti yake ya Tanga iliyonyooka, "Nimebeba mgeni. Hatakiwi kupigwa na jua."

Mgambo akatazama kitenge. Akatazama kitanda juu ya paa. Uso ukamfunguka. Akawageukia wale wanawake akapaza sauti, "Umugeni!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, wenzangu, sijapata kupigiwa maishani. Mama mmoja akapenyeza karanga za kukaanga chini ya kitenge, zikanimwagikia mapajani. Mti wa kizuizi ukanyanyuliwa bila kuulizwa karatasi hata moja. Mbwana akapita akiwapungia mkono.

"Umeona, mzee? Watu wa huku wanawapenda wageni. Kwetu Tanga uje hata na kabati, hupigiwi kigelegele."

Nami niliamini. Mmenilea hapa Ujiji, mnajua Kiha changu kinaishia kwenye salamu na bei ya samaki. Nilikula karanga zangu nikiwaza kwamba kumbe nilikuwa nimewadhania vibaya mgambo miaka yote.

Pancha

Tulikuwa tumeiacha Kasulu nyuma mwendo mzuri, jua limepanda, gurudumu la mbele kushoto likapasuka. Spea nayo haikuwa na upepo. Mbwana akasema ni bahati mbaya ya mara moja katika miaka, kisha akalifungua gurudumu, akamsimamisha mwenye baiskeli, wakaondoka nalo kwenda kutafuta fundi.

Nikabaki peke yangu. Na jua, ambalo kwa hesabu za Mbwana lilipaswa kuwa juu ya bati, lilikuwa limekaa kushoto barabara, upande wangu. Kitenge kile ni chepesi. Joto lilipita kwenye majogoo nikalisikia shavuni, na hofu ikanishika kwelikweli. Kutoka siwezi, nje ni jua tupu. Kuhamia kiti cha dereva nilijaribu, goti likagoma kuvuka gia. Nikajikunyata nimegeuza shavu ndani, nikimuwaza Zaituni amekaa chumbani anasikiliza kila gari linalopita.

Mbwana alikuwa amefanya jambo moja la maana. Alipopita kijiji cha jirani, kijiji cha familia za Kirundi zilizohamia zamani na kukaa, aliwaambia akina mama aliowakuta njiani, "Mama zangu, niangalizieni mgeni wangu pale kwenye gari. Jua lisimpige."

Wakaja. Nilisikia nyimbo kabla ya kusikia nyayo. Wawili wakasimamisha mkeka nje ya dirisha langu, wakaushika hivyo hivyo kwa mikono, wakipokezana, na kivuli kikaniangukia kizito kama ukuta. Nilitamani kulia kwa raha. Wengine wakaimba. Mwingine akapitisha sahani chini ya kitenge: ugali wa muhogo, na maharage yaliyoungwa mawese.

Mawese! Tangu siku ya karai nilikuwa sijayatia mdomoni, harufu yake tu ilinitoa jasho. Lakini njaa haina kinyongo. Nikanyoosha mkono, ule wa soksi, nikapokea.

"Mumeona?" mmoja akanong'ona. "Kavaa glovu! Ni harusi ya wakubwa."

Nikasikia neno harusi, nikadhani Mbwana amewasimulia habari za Zaituni. Nikasema "asanteni" kwa sauti ndogo, maana shavu likinyooka linauma. Wakaguna kwa huruma. "Anatetemeka, masikini. Amewacha kwao."

Wakabadilisha wimbo. Huu ulikuwa na maneno ya Kiswahili humo ndani, na nilivyoelewa, nilikuwa ninaambiwa nimvumilie mama mkwe, niamke mapema, nisijibu maneno. Mama mkwe wangu alifariki siku nyingi, na mama yule hatukuwahi kukosana. Nikaona tu ni desturi yao, nikaendelea na maharage. Yalikuwa matamu. Na pilipili ilikuwa nyingi.

Ndipo bibi mmoja, Bibi Yosefina, akasogeza uso karibu na kitenge. "Mwanangu, usiogope. Sema neno moja tu, tusikie sauti yako."

Pilipili ilikuwa imenikaba. Nikasema kwa sauti yangu yote, hii mnayoijua, "Mama, naomba maji."

Wimbo ukakatika katikati. Kitenge kikanyanyuliwa pembeni, nikakutana uso kwa uso na bibi mwenye macho madogo makali. Akayatazama masharubu yangu. Akaitazama soksi.

"Yampaye inka!" akasema, na mdomo ukabaki wazi.

Sijui nani alianza kucheka. Najua kwamba waliokuwa wameshika mkeka walicheka mpaka mkeka ukainama, nami nikapiga kelele, "Jua! Jua jamani!" wakausimamisha upesi huku machozi yanawatoka. Bibi Yosefina alipopata pumzi akanieleza. "Dereva wako kasema ana mugeni. Kwetu sisi, na kwa Waha pia, umugeni ni bibi harusi. Mutu anayekuja kutembea, huyo ni umushitsi. Na hapo juu muna kitanda! Tungejuaje?"

Nikafunua shavu nikawaonyesha. Nikawaeleza habari ya nesi na ngozi, na kwamba bibi harusi yupo kweli, anaitwa Zaituni, anangoja Ujiji na haolewi mpaka nifike. Kicheko kikatulia. Nikaanza kukusanya walivyonipa, maana mapajani nilikuwa na kikapu chao chenye kifuniko kilichojaa ulezi, na kanga mpya imekunjwa juu yake.

"Rudisheni, mama zangu. Nimevipokea kwa makosa."

Bibi Yosefina akakirudisha kikapu mapajani kwangu. "Binti yangu aliolewa tukiwa tumekwisha kukimbia, yeye upande mwingine, mimi huku. Nilisikia kwa mutu. Sikumwimbia." Akainyoosha ile kanga juu ya kikapu. "Leo nimeimba. Nimeimbia masharubu, lakini nimeimba. Mupelekee."

Nikasema asante, mara mbili. Mbwana aliporudi na gurudumu, bibi yule alikuwa ameshaingiza mkeka ndani ya gari na kuufunga dirishani kwa kamba za mgomba, vizuri kuliko fundi yeyote, kisha akamwambia, "Wewe kijana, ujifunze kusema umushitsi."

Simbo, na mikono miwili ya Mbwana

Mbwana alikuwa na mzigo wa kushusha Simbo, jambo ambalo hakunitajia mapema. Pale jua likahamia mbele, likaingia kwa kioo kikubwa, na mkeka wa pembeni haukuwa na la kufanya. Nikakishusha kitenge usoni, nikawa naona dunia nyekundu.

"Mzee," akasema Mbwana, "hivi kweli jua linapita kwenye kioo?"

"Tazama mikono yako."

Akaiweka yote miwili juu ya usukani, akaitazama kama ndiyo mara ya kwanza kukutana nayo. Wa kushoto ulikuwa rangi yake ya kuzaliwa. Wa kulia, wa dirishani, ulikuwa mweusi kwa daraja mbili zaidi, kama wa mtu mwingine.

"Aisee," akasema taratibu. "Mke wangu aliwahi kuniambia, nikadhani ananitania." Tulikwenda kama maili moja. "Hiyo soksi pacha yake iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwangu. Tukaingia Mwandiga watu wawili, yeye soksi mkono wa kulia, mimi mkono wa kushoto.

Mwandiga

Pale Mwandiga ilikuwa siku ya soko. Lori la chikichi lilikuwa limekwama katikati ya barabara, mbele yake minibasi, mbele yake mikokoteni, na watu wamejaa huku na huku wakinunua na kuuza kama barabara haina kazi nyingine. Mbwana akapiga honi. Mtu mmoja akageuka, akatutazama, akaendelea kuchagua nyanya.

Nikauliza saa. Mbwana akanionyesha saa yake. Alasiri ilikuwa karibu kuadhiniwa, na kutoka pale hadi Kasingirima bado kuna mwendo. Nikawaona wazee wa Kalya wakikunja mikeka yao. Nikamwona Zaituni amekaa.

Mbwana akanitazama. "Mzee, nisamehe kwa nitakalofanya." Akatoa kichwa nje akapaza sauti, kwa lafudhi ya Tanga tupu, "Umugeni! Jamani tupisheni, umugeni!"

Nyanya zikawekwa chini. Vichwa vikageuka, macho yakapanda kwenye kitanda, yakashuka kwenye kitenge.

"Toa mkono, mzee," akaninong'oneza.

Mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu kwa dada zangu. Nimesimamisha paa za nyumba nyingi za mji huu. Nikatoa mkono wa soksi pembeni ya mkeka, kwenye kivuli, nikapunga, taratibu, kwa haya, vidole vimelegea. Nakiri kwamba nilifanya vizuri. Vigelegele vikatangulia mbele yetu kama ving'ora, mikokoteni ikavutwa pembeni, vijana wakalisukuma lile lori kwa mabega yao. Mama mmoja alilia kwa kuniona napelekwa mbali. Sikuvuta mkono mpaka tulipoyaacha maduka ya mwisho.

Kasingirima

Yaliyobaki mliyaona wenyewe kutoka kwenye benchi lenu. Mliona Landrova inasimama, dereva anashuka na soksi moja, na mimi nateremka nimejifunika majogoo kuanzia utosini, kikapu cha ulezi mkononi, adhana inaanza. Mlichokiona hapo mnakisimulia kila siku. Kilichotokea ndani hamkukiona, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Dada yangu alinipokea mlangoni akanisukuma moja kwa moja hadi chumba cha bibi harusi, maana shehe alishatuma mtu kuuliza. Wanawake walijaa kutoka ukutani hadi mlangoni. Waliponiona na kitenge kile walijiziba midomo kwa kanga zao. Zaituni alikuwa amekaa mkekani, ameinamisha kichwa, ameshushiwa shela usoni. Nikaketi mbele yake, nikaweka kikapu kati yetu.

"Hiki kimetoka kwa Bibi Yosefina," nikamwambia. "Ameniimbia mimi kwa niaba yako." Nilijua haelewi. Nilimsimulia yote baadaye, akaniomba tutafute njia ya kumpelekea bibi yule picha ya harusi, na ilipelekwa.

Kisha nikamuuliza swali nililotoka nalo kambini. "Zaituni, mwanangu, umeridhia nikuozeshe?"

Desturi yetu mnaijua. Bibi harusi hunyamaza, au hulia kidogo, na shangazi yake husema kwamba kunyamaza kwake ni kuridhia. Dada yangu alikuwa ameshafungua mdomo aseme hivyo.

Zaituni akainuka. Akaenda dirishani, akalivuta pazia, chumba kikaingia kivuli. Akarudi, akapiga magoti mbele yangu, akaifunua shela yake mwenyewe na kitenge changu. Akanishika kidevu kama mimi nilivyokuwa nikimshika yeye zamani akitoka kuanguka, akanigeuza shavu, akalitazama kuanzia sikioni hadi shingoni. Akanivua soksi. Akatazama kidole kimoja baada ya kingine. Na huko msikitini shehe anangoja.

"Halijakugusa," akasema.

"Halijanigusa."

"Basi nimeridhia, baba."

Nililia, wenzangu, tena mbele za wanawake wote wale, na nilitakiwa kuwa na haraka. Nilipojifuta na kusimama ili nivuke barabara kwenda msikitini, dada yangu akanishika mkono. "Kaka, angalau uvue hicho kitenge. Unakwenda kuozesha!"

Zaituni akanirudishia majogoo kichwani, akayavuta vizuri upande wa kushoto.

"Avuke nacho," akasema. "Akifika kivulini atavua."